Kuziba ufa wa ekzosi nyumbani bila kuchomelea

Mwanangu alianza kulalamika kichwa tulipokuwa tumeshapita Muheza, tunakwenda Tanga mjini. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya mvua. Nikadhani ni njaa. Tulipofika akashuka, akapata hewa, kichwa kikaacha. Safari ya kurudi kikamrudia. Nilipofika nyumbani niliingia uvunguni mwa gari na tochi, nikakuta mstari mweusi wa masizi kwenye bomba la moshi, sentimita chache nyuma ya masega (kopo la kusafisha moshi), na katikati ya masizi ufa wa urefu wa vidole viwili. Mlio wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba sikuwa nimeutilia maanani.

Naanza na habari hiyo kwa sababu wengi wetu huziba ekzosi ili kuondoa kelele tu. Kelele ni kero, lakini kaboni monoksaidi inaua. Haina rangi, haina harufu, na hutoka kwenye injini yoyote ya petroli. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo mtu anaishiwa oksijeni huku anapumua kama kawaida. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usioeleweka. Mtoto, mjamzito na mtu mwenye ugonjwa wa moyo huathirika upesi. Ukiona dalili hizo ndani ya gari, simama, shusha watu wote, wakae kwenye hewa safi, na anayezidiwa apelekwe hospitali apewe oksijeni. Usijaribu kumaliza safari kwa kufungua mlango wa nyuma wa gari ili moshi utoke: gari likitembea na mlango huo wazi, hewa huzunguka nyuma na kuvuta moshi kuuingiza ndani.

Nitakayoeleza hapa ni kiraka cha bati, pasta ya kuzibia ekzosi na klampu za kukibana. Nimekifanya kwenye gari langu na kwenye magari ya majirani, na kina mahali pake. Kina pia mahali ambapo hakifai kabisa, nami nitapataja mapema ili usipoteze Jumamosi yako.

Tafuta ufa kwanza

Moshi hutoka kwenye manifodi iliyofungwa kwenye injini, hupita bomba la mbele, huingia masega (lile kopo lenye vitundu kama sega la nyuki linalosafisha moshi), huendelea na bomba la kati hadi sailensa (kopo la kupunguza mlio), kisha hutokea mkiani. Kwenye magari mengi kuna masega mengine madogo yaliyoshikana na manifodi. Kadiri moshi unavyorudi nyuma ndivyo unavyopoa. Manifodi ya injini ya petroli ikipanda mlima na mzigo inaweza kupita nyuzijoto 800 za Selsiasi. Kwenye sailensa ya nyuma mara nyingi hubaki mia mbili hadi mia tatu. Ndiyo maana kitu kinachoshika vizuri huku nyuma huungua kikiwekwa kule mbele.

Kwa hiyo chora mpaka wako kwenye masega ya chini ya gari. Ufa ulio nyuma yake unaweza kuuziba mwenyewe. Ufa ulio mbele yake, au kwenye manifodi, au kwenye lile bomba la kunyumbulika lililosukwa kwa waya, peleka kwa fundi. Sababu si joto peke yake. Mbele ya masega kuna sensa ya oksijeni. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo moja na jingine bomba huvuta hewa ya nje kupitia kwenye ufa. Sensa ikiikuta hewa hiyo inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza mafuta, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na wewe unabaki kushangaa tangi linavyoisha. Kiraka kinachovuja kidogo hapo hakikusaidii lolote. Na bomba la kunyumbulika limewekwa ili lichezecheze. Ukilikaza kwa bati, mtikisiko unahamia kwenye kiungo kinachofuata na hicho nacho kinapasuka.

Ukaguzi fanya asubuhi, gari likiwa limelala na kupoa. Liweke uwanjani, ardhi iliyo sawa, hendibreki imevutwa, gia kwenye P, au kwenye nyutro kama ni ya mkono. Lisiwe bandani hata kama milango iko wazi, na lisiwe kwenye jeki. Mtu mmoja awashe injini na abaki kwenye usukani, wewe chuchumaa pembeni usikilize. Ukisikia mlio wa tik-tik-tik kama cherehani kutoka mbele, na mlio huo unapotea injini ikipata moto, huo ni ufa wa manifodi au gasketi yake: chuma kikitanuka ufa unajifunga, kikipoa unafunguka. Huo si wako.

Kama kelele inatoka katikati au nyuma, mtu wa tatu ashike kitambaa kinene kilicholoweshwa maji na kukibana kwenye mdomo wa bomba kwa sekunde tano tu, kisha aachie. Moshi ukikosa njia utatafuta ufa, nawe utausikia ukifoka. Kabla bomba halijapata moto, puliza maji ya sabuni sehemu unayoishuku ukitumia chupa ya kupulizia. Povu likichemka hapo, umepapata. Zima injini, weka alama kwa chaki.

Angalia usije ukaziba tundu lililowekwa makusudi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, na maji hayo hutoka kama mvuke. Gari la safari fupi, nyumbani hadi sokoni na kurudi, halipati moto wa kutosha kuyakausha, yanatulia ndani ya sailensa na kuila kutoka ndani. Watengenezaji wengi hutoboa kitundu kidogo chini ya sailensa ili yatoke. Kina ukubwa wa milimita chache, ni cha duara safi, hakina kingo zilizochanika. Ukikiziba, sailensa itageuka mtungi.

Halafu chukua bisibisi ya bapa na ugonge kwa mpini wake kuzunguka ufa. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti nzito ya kufa, na ukikisukuma kwa ncha kinaingia kama biskuti. Kama chuma kizima kinaanzia mbali na ufa, zaidi ya sentimita tano kila upande, kiraka hakitakuwa na cha kushika. Nunua kipande cha bomba.

Kwa nini limepasuka

Watu huruka hatua hii, na mimi niliiruka mara ya kwanza. Niliziba ufa wangu, ukafunguka tena ndani ya wiki mbili sentimita tatu mbele ya pale pa mwanzo. Tatizo lilikuwa raba ya kuning'iniza sailensa: ilikuwa imekatika, na mwenye gari wa awali alikuwa amefunga waya. Sailensa ikawa inaning'inia kwa shingo ya bomba, na kila tuta la barabarani lilikuwa linaikunja shingo hiyo.

Kwa hiyo, bomba likiwa limepoa, shika mkia wa ekzosi uutikise juu chini na kulia kushoto. Inatakiwa icheze kidogo na kurudi yenyewe. Ikigonga bodi au ikining'inia upande mmoja, tafuta raba iliyokatika. Duka la spea litakuuzia mpya kwa bei ndogo kuliko pasta yenyewe, na huingia kwa urahisi ukiipaka maji ya sabuni. Waya utumie kufika nyumbani tu, kwa kuwa hauna mnyumbuliko wa raba.

Kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kagua pia mauntini za injini, yaani raba zinazoishikilia injini kwenye bodi. Injini ya mengi ya magari hayo imekaa kwa kukingama, na ukikanyaga mafuta inajikunja mbele na nyuma. Mauntini zikichoka inajikunja mno na kuvuta bomba zima. Fungua boneti, dereva akanyage breki kwa nguvu, hendibreki ikiwa juu, aingize D kisha R bila kukanyaga mafuta. Wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele au nyuma ya gari. Injini ikiruka ruko kubwa, badilisha mauntini kabla hujahangaika na ufa.

Kutu nayo ina asili yake. Sisi wa pwani tunaijua hewa ya chumvi. Lakini gari lililotoka Hokkaido au mikoa mingine ya theluji kaskazini mwa Japani huja na kutu yake tayari, kwa sababu kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Ukinunua gari lenye rangi inayong'aa, inama kwanza uangalie uvungu.

Kitakachoshika ni chuma

Ukibaki na jambo moja tu katika maelezo haya, libaki hili: pasta inaziba, haishikilii. Chuma hutanuka kikipata moto. Bomba la urefu wa mita moja likipanda nyuzijoto 400 linarefuka karibu milimita tano, likipoa linarudi. Kila safari, kwenda na kurudi. Hakuna gundi ngumu inayovumilia mchezo huo ikiwa peke yake juu ya ufa. Mshiko lazima utoke kwenye bati lililozunguka bomba na klampu zilizolibana. Pasta kazi yake ni kujaza nafasi ya nywele iliyobaki kati yao.

Pasta unayoitaka ni ile iliyoandikwa kwamba ni ya ekzosi. Nyingi hutengenezwa kwa silikati ya sodiamu, ni nzito kama ugali mwepesi, rangi ya kijivu, na moto ndio unaoikausha kuwa kama jiwe. Soma kopo: ihimili angalau nyuzijoto 600, na nyingi huandikwa hadi 1000. Ipo pia bandeji ya ekzosi, yaani utepe wa nyuzi za faibaglasi uliolowekwa dawa, mara nyingine unakuja na karatasi ya alumini ya kufunika. Ukiipata, iweke chini ya bati badala ya pasta peke yake.

Usidanganyike na gundi ya chuma ya mirija miwili, ile ya kuchanganya nusu kwa nusu. Ni gundi nzuri sana kwenye tangi la maji au kitasa, lakini nyingi hazivuki nyuzijoto 300, na zikivuka zinageuka unga. Silikoni nyekundu ya gasketi nayo inaishia karibu hapo hapo. Inafaa mkiani kabisa, nyuma ya sailensa, kwingine itanuka siku moja na kuanguka. Kama kuna mtu anakupa kamba ya zamani ya asbesto aliyohifadhi stoo, ikatae. Vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki, na saratani yake huja baada ya miaka mingi.

Kwa bati, kipande bora ni bomba kuukuu la ekzosi lenye kipenyo sawa na lako, au kikubwa kidogo, lililopasuliwa kwa urefu ili lifunguke na kukumbatia bomba lako. Mafundi wa kuchomelea wanavyo chakavu vya namna hiyo kwenye lundo lao, na wengine watakukatia kwa kisu cha umeme palepale. Ukikosa, kopo la chuma la maziwa ya unga linafaa, ukilizungusha mara mbili. Kopo la soda siyo: ni alumini nyembamba, klampu italikata. Bati la kuezekea ninaliepuka pia, kwa sababu limepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 420 hivi; karibu na masega joto hilo linafikika.

Klampu chagua zile za mkanda wenye skrubu, kama za kubania hosi ya rejeta lakini za chuma kisichoshika kutu, tatu au nne. Za kawaida zilizopakwa rangi ya fedha huoza upesi mno chini ya gari. Kwa bomba nene au lililokatika, chukua yubolti za ekzosi, yaani bolti zenye umbo la U.

Ukubwa upime kwa uzi. Zungusha uzi kwenye bomba, upime kwenye rula, gawanya kwa 3.14. Langu lilitoa sentimita 14, yaani kipenyo cha milimita 45 kasoro kidogo. Klampu ya milimita 40 hadi 60 ikatosha.

Vingine: brashi ya waya, msasa mkavu namba 80, tupa, mkasi wa bati, bisibisi au soketi ya klampu, matambara, maji kwenye bakuli, glavu ngumu na miwani ya kukinga macho. Miwani usiione ni pambo. Umelala chali na kutu inaanguka usoni. Kipande kimoja kikiingia kwenye jicho kazi imeisha na hospitali imeanza.

Kuinua gari

Jeki ni ya kunyanyua. Haikutengenezwa kumlinda mtu aliyelala chini. Nyanyua kwa jeki kwenye sehemu zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, kisha weka stendi mbili za chuma na ushushe uzito juu yake. Magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao pande zote mbili. Ingiza na tairi la spea likiwa limelala chini ya ubavu wa gari, karibu na wewe: mambo yakiharibika, gari litaangukia tairi kwanza. Kisha sukuma gari kwa bega kabla hujaingia. Likitikisika, panga upya.

Tofali la saruji lisitumike hata kwa dakika moja. Tofali halitoi onyo. Linabeba, linabeba, halafu linapasuka mara moja. Ukikosa stendi, pandisha gari kwenye ukingo wa kibaraza au tumia mtaro wa kukagulia magari wa jirani mwenye gereji, ni salama zaidi.

Na bomba liwe limepoa. Masega hukaa na moto muda mrefu kuliko bomba lenyewe. Mimi husubiri saa tatu baada ya safari, au nafanya kazi asubuhi na mapema.

Kazi yenyewe

Sugua bomba kwa brashi ya waya kuzunguka ufa, si upande wa ufa tu bali mzunguko mzima, ukitoka sentimita tano nje ya ufa kila upande. Maliza kwa msasa hadi uone rangi ya chuma. Hapa ndipo kiraka kinapoamuliwa. Kutu ni unga. Ukipaka pasta juu ya kutu umeipaka juu ya unga, na itabanduka pamoja nao. Nimewahi kutumia dakika 40 kwa kusugua na 10 tu kwa kuziba, na uwiano huo ndio ninaoushauri.

Kama ufa uko kwenye chuma kinene kilicho kizima na una ncha kali, toboa kitundu cha milimita tatu kwenye kila ncha yake kwa drili. Nguvu zote za mtikisiko hukusanyika kwenye ncha kali, na ndiyo sababu ufa husafiri. Tundu la duara huzitawanya. Kwenye bomba lililoliwa na kutu acha, drili itafungua zaidi ya ulichokusudia. Kingo za ufa zilizoinuka zigonge taratibu au zipige tupa zilale sawa.

Kata bati. Upana wake uwe urefu wa ufa ukiongeza sentimita nne kila upande, kwa hiyo ufa wa sentimita tatu unataka bati la sentimita 11. Urefu wake uwe mzunguko wa bomba na sentimita tatu za kupandiana. Kwangu 14 na 3, jumla 17, na mara mbili yake kama ni bati la kopo. Pembe zikate ziwe za mviringo zisikuchane. Likunje kwanza kwenye chupa au bomba jingine lishike umbo la duara, kisha ulijaribu kwenye ekzosi pamoja na klampu, bila pasta. Usikie limekaa. Ukikuta kwamba linagusa bodi, hosi ya breki au tangi la mafuta, bora ulijue sasa kuliko mikono ikiwa imejaa pasta.

Fungua klampu kabisa, uziweke karibu. Futa bomba kwa tambara lililoloweshwa maji. Pasta hizi zina maji ndani yake na hushika vizuri kwenye chuma chenye unyevu kidogo, si kinachodondoka. Sukuma pasta ndani ya ufa kwa kidole chenye glavu mpaka ujae, kisha panua utandaze unene wa milimita mbili au tatu eneo lote ambalo bati litafunika. Paka nyembamba na upande wa ndani wa bati. Kwa bandeji, izungushe ikiwa imevutika, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia.

Vaa bati. Mahali linapopandiana pawe upande ulio kinyume na ufa, ili moshi usikutane na mshono. Vaa klampu mbili za kwanza, moja kila mwisho, kisha ya tatu juu ya ufa wenyewe. Vichwa vya skrubu viangalie pembeni au juu kidogo, kamwe visiangalie chini: tuta la kwanza litaving'oa. Kaza kwa zamu, huku kidogo, huku kidogo, kama unavyokaza nati za tairi. Pasta itachomoza pembeni, na hiyo ni dalili nzuri. Ilainishe kwa kidole ifunike kingo za bati. Usikaze hadi bomba libonyee; ukiona klampu inazama, umevuka. Mkia wa klampu uliobaki ukate, upige tupa.

Funika kopo la pasta vizuri. Likiachwa wazi usiku mmoja tu, linakuwa jiwe.

Moto wa kwanza

Makosa mengi ya kiraka kizuri hutokea hapa. Mtu amemaliza, amefurahi, anawasha gari na kwenda kulijaribu barabara kuu. Maji yaliyo ndani ya pasta yanachemka ghafla, pasta inavimba na kujaa vipovu kama maandazi, na vipovu hivyo ni njia mpya za moshi.

Acha kwanza kiraka kitulie, saa kadhaa au usiku mzima, kama kopo linavyoelekeza. Kisha shusha gari chini, liweke uwanjani, washa injini na uiache izunguke taratibu bila kukanyaga mafuta kwa dakika kumi. Zima. Acha ipoe kabisa. Rudia mara ya pili. Utaona mvuke kidogo na kusikia harufu. Ni kawaida, ila usikae kuivuta. Baada ya hapo endesha pole kwa kilomita kumi hivi.

Gari likishapoa tena, kaza klampu. Usisahau hili. Pasta hunywea ikikauka na klampu hulegea, na zamu hii ya pili ya bisibisi ndiyo inayofanya kiraka kidumu. Kisha rudia kipimo cha kitambaa na maji ya sabuni. Povu dogo moja linalotoka polepole kwenye ukingo wa bati, ongeza pasta hapo na ulipashe moto upya. Povu likichemka, fungua, sugua, anza upya; kuongeza pasta juu ya kiraka kinachopumua ni kupoteza kopo.

Bomba likiwa limekatika kabisa

Hapo bati halitoshi. Tafuta kipande cha bomba chenye kipenyo cha ndani kinacholingana na kipenyo cha nje cha lako, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Sugua ncha zote mbili, paka pasta, vaa kipande kiingie angalau sentimita tano kila upande, bana kwa yubolti mbili. Kabla ya kukaza, hakikisha ekzosi nzima imenyooka na inaning'inia kwenye raba zake bila kuvutwa. Ukiikaza ikiwa imepinda, itapasuka kwingine.

Sailensa iliyotoboka ubavuni huzibwa kwa bati bapa, pasta na klampu ndefu mbili zilizounganishwa. Lakini sailensa huoza kutoka ndani, na tundu unaloliona ni la mwisho kutokea. Nimeziba mbili, hakuna iliyomaliza msimu wa mvua.

Na kile kibati cha kukinga joto kinachotetemeka na kupiga kelele kama kopo lenye kokoto, watu hudhani ni ekzosi imepasuka. Kibane kwa klampu moja ndefu tu. Usikitupe: kinazuia joto lisifike kwenye zulia la gari, na nyasi kavu zisiwake ukiegesha porini.

Baada ya hapo

Kiraka changu cha pili, kilichofungwa baada ya kubadilisha raba, kilikaa karibu miezi tisa. Nilikuwa nakikagua kila nikibadilisha oili: masizi mapya, klampu iliyolegea, mlio. Katika muda huo tulisafiri madirisha ya mbele yakiwa wazi kidogo kila mara, na nilimuuliza mwanangu kuhusu kichwa chake hadi akachoka kuulizwa.

Siku utakapompelekea fundi wa kuchomelea, ng'oa mwenyewe bati na klampu, na pasta yote isuguliwe hadi chuma kionekane, maana ikibaki inachafua mshono na weldi haishiki. Mwambie achomoe waya hasi wa betri kabla hajagusa mashine, ili kompyuta ya gari isipigwe na umeme. Kama bomba linapita karibu na tangi la mafuta, mwombe alifungue bomba hilo na kulichomelea likiwa chini, mbali na gari.